Hodi isiyoitikiwa

"Mwanangu, hii mashine ina jini."

Mzee alisema hivyo kabla hata hajaitikia shikamoo yangu. Sisi watu wa Tanga tumeshataniwa kwa majini mpaka tumezoea, kwa hiyo sikucheka. Nilimvutia kiti, akaketi, akaanza kuifunua laptopu aliyoiviringisha kwenye kanga kama mtu anayefunua mtoto mchanga. Kibanda changu kipo Ngamiani, kwenye mojawapo ya zile barabara zetu za namba, na Jumanne ile mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba tulisemezana kwa kupaza sauti.

Mashine yenyewe naijua. Mpwa wake anayefanya kazi Muscat ndiye aliyemletea, na vitufe vyake vina herufi mbili mbili, za Kilatini na za Kiarabu. Mwaka uliotangulia nilimwekea Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, kwa mikono yangu mwenyewe, nikamwambia, "Ukiona inaomba kusasisha, kubali tu." Akakubali. Jumatatu usiku ikasasisha, ikajizima, ikajiwasha, na tangu hapo ukurasa wa nywila ukawa unamtazama naye anautazama. Ndani mlikuwa na daftari la michango ya chama chao cha kuzikana, na Ijumaa baada ya swala alitakiwa awasomee wenzake nani kalipa na nani bado.

"Umeimwagia chai?" nikamuuliza.

Akanitazama kwa uchungu. "Mimi nanywa kahawa."

Haikuwa dharau. Kibodi nyingi zinazofika mezani kwangu zimeuawa na chai, maji ya betri au mchuzi, na mwenye mali huwa hasemi mpaka aulizwe. Lakini hii ilikuwa kavu, tena safi kuliko yangu. Tachipadi ilikuwa inafanya kazi, mshale unakwenda ninakotaka. Nikabonyeza Caps Lock mara tatu. Taa haikuwaka.

Hicho ndicho kipimo changu cha kwanza, na uzuri wake ni kwamba hakidai nywila wala amri. Kwenye Linux kibodi haijiwashii taa yake. Ukibonyeza Caps Lock, habari inapanda hadi kwenye kerneli, ule moyo wa Linux unaosimamia vifaa vyote, kerneli inaamua, kisha inairudishia kibodi amri ya 0xED: washa taa. Taa ikiwaka, habari imekwenda na kurudi salama, na ubovu utautafuta huko juu kwenye madirisha na mpangilio wa lugha. Isipowaka, shuka chini.

Kushuka chini nako kuna namna yake. Mtu akituma mzigo kwa basi kutoka Tanga kwenda Dar na mzigo usifike, hakuna maana ya kumfokea aliyekuwa anaupokea Dar. Unauliza: Muheza ulikuwemo? Segera je? Chalinze kuna aliyeuona? Ukipata kituo cha mwisho ulipoonekana na cha kwanza ambako haukuonekana, umeshapajua pa kwenda kutafuta. Kitufe kilichobonyezwa ni mzigo. Kina barabara yake, kina vituo vyake, na karibu kila kituo kina mtu wa kuulizwa.

Chukua herufi A. Kidole kinagusanisha waya mbili chini ya kitufe. Chipu ndogo kwenye ubao wa laptopu inaona mguso huo. Chipu hiyo kazi yake ni nyingi, feni na betri zimo, lakini kwa upande wa kibodi inaigiza chipu nyingine ya zamani sana, Intel 8042, iliyowekwa kwenye IBM PC/AT ya mwaka 1984. Hiyo ya zamani haipo tena; imebaki tabia yake. Kompyuta inazungumza nayo kwa milango miwili, poti 0x60 ya kupitishia data na poti 0x64 ya amri na hali. Kibodi yenyewe inasema A ni 0x1C, hiyo ni lugha inayoitwa seti ya pili. Chipu inatafsiri kwenda seti ya kwanza na kusema 0x1E. Kidole kikiinuka inasema 0x9E. Ukiona kwenye Linux kibodi yako imeandikwa "AT Translated Set 2 keyboard", tafsiri yenyewe ndiyo hiyo. Halafu 0x1E kwa namba za kawaida ni 30, na 30 ndiyo namba ya A ndani ya kerneli mpaka leo. Nilipoligundua hilo mara ya kwanza nilifurahi peke yangu kibandani kama mwehu.

Namba hiyo, yaani baiti moja, ikishakaa kwenye poti 0x60, chipu haisubiri kerneli ije kuchungulia. Inabisha hodi. Kuna njia maalumu ya hodi hizo, namba 1 kwa ajili ya kibodi na namba 12 kwa ajili ya mausi, na namba hizo nazo ni urithi wa IBM. Draiva iitwayo i8042, yaani kipande cha kerneli kinachozungumza na chipu hiyo, inaitikia karibu, inasoma baiti, inaipitisha kwa atkbd anayejua maana ya kila namba, naye anaikabidhi kwa mfumo wa jumla wa kerneli wa kupokea vitufe na mausi. Mfumo huo uliandikwa na Vojtech Pavlik, na kwa miaka mingi sasa unalelewa na Dmitry Torokhov. Kutoka hapo ndipo herufi inaonekana kwenye /dev/input, na madirisha yanaichukua.

Sasa turudi kwa Mzee. Nikaizima mashine, nikaiwasha, nikashikilia Esc mpaka ikatokea menyu ya GRUB, programu ya kuchagua kerneli ipi iwashwe. Mshale wa chini: ukashuka. Mshale wa juu: ukapanda. Mzee akainuka kitini.

"Inafanya!"

"Inafanya hapa tu, mzee. Hapa kerneli bado haijaamka."

GRUB inasomewa vitufe na programu ya kiwandani iliyo ndani ya ubao. Kwa hiyo kidole kizima, waya nzima, chipu nzima. Mzigo ulipita Muheza. Nikaingia kwenye orodha ya kerneli zilizobaki kwenye diski, nikachagua ile ya zamani, 6.2, badala ya 6.5 iliyoingia jana yake. Ukurasa wa nywila ukaja. Nikamsogezea, akaandika kwa kidole kimoja, taratibu, kila nyota ikitokea anatikisa kichwa. Ikafunguka.

"Jini limetoka?"

"Limehamia kwenye toleo jipya."

Nilitamani aniachie mashine siku mbili, akakataa katakata, na haki yake, Ijumaa ilikuwa inakuja. Nikaifanya 6.2 iwe ndiyo inayowaka yenyewe, nikaifungia isije ikafutwa na sasisho lingine, nikamsindikiza hadi barazani. Alirudi nayo Jumamosi asubuhi pamoja na mkate wa kumimina.

Hapa nikiri jambo. Miaka kadhaa nyuma kazi yangu ingeishia pale, au ningefanya vibaya zaidi: ningechukua maneno ya kuibadilishia draiva tabia, i8042.nomux, i8042.reset, i8042.noloop na i8042.nopnp, nikazibandika zote kwenye mstari wa kuwashia kerneli kama mtu anayechanganya panadoli, dawa ya minyoo na ya malaria kwenye glasi moja. Wakati mwingine inapona. Hujui kilichoiponya ni nini. Nilikuwa na mteja mmoja aliyetembea na maneno yote manne kwenye mashine yake kwa miaka miwili, na siku nilipokuja kuyaondoa moja moja, lililokuwa linafanya kazi ni nomux peke yake. Chipu yake ilikuwa inadai ina milango minne ya mausi, utaratibu ambao kweli upo, kumbe mlango ulikuwa mmoja. Nomux inaiambia kerneli isiulize habari za milango minne. Yale mengine matatu yalikuwa mapambo.

Jumamosi ile nilichomeka kibodi ya USB, nikaiwasha mashine ya Mzee kwa 6.5, nikaanza kuuliza vituo. Kibodi ya USB haipiti njia ya 8042 kabisa, ina barabara yake, ndiyo maana nina moja ya zamani imening'inia msumarini kwa kazi hii tu. Ukikosa hiyo, ingia kwa ssh, yaani kupitia mtandao, kutoka mashine nyingine. Matokeo ni yale yale.

Kwanza dmesg, amri inayoonyesha kumbukumbu za kerneli. Mstari huu ulikuwepo:

serio: i8042 KBD port at 0x60,0x64 irq 1

Maana yake kerneli imeuona mlango wa kibodi. Baada ya hapo nilitarajia ule wa "AT Translated Set 2 keyboard". Haukuwepo. Niliutafuta mara mbili. Kwenye 6.2 upo, kwenye 6.5 haupo. Yaani draiva ya atkbd ilifika mlangoni, ikauliza "wewe ni nani?", ambayo ni amri 0xF2, ikasubiri, haikusikia jibu. Ikajaribu kuwasha taa nayo haikujibiwa. Ikaondoka, ikiamini nyumba haina watu.

(Swali hilo la "wewe ni nani" lina visa vyake. Kuna laptopu za karibuni ambazo likiulizwa tu zinavurugikiwa, na katika kerneli 6.7, iliyotoka Januari 2024, likaachwa. Kuliacha kukasumbua kibodi za wengine, na siku hizi linaachwa kwenye laptopu tu. Mimi wakati huo sikuwa nikiyajua hayo, na hata ningeyajua yasingenisaidia, kwa sababu nyumba ya Mzee ilikuwa na watu na walikuwa wanajibu.)

Nilijuaje kwamba wanajibu? Kuna faili linaloitwa /proc/interrupts. Ni daftari la bawabu: kila njia ya hodi ina mstari wake, na mbele yake idadi ya hodi zilizosikika kwa kila kiini cha prosesa. Nilifungua kwa watch -n1 ili lijisasishe kila sekunde, nikatafuta mstari unaoanza na 1 na kuishia na i8042. Nikabonyeza kitufe cha laptopu. Namba haikusogea. Nikapiga vitufe kwa viganja vyote viwili kama mpiga kinanda wa taarabu. Mistari mingine ilikuwa inakwenda mbio, saa, diski, Wi-Fi. Mstari wa 1 umeganda. Nikarudi 6.2, nikafanya vile vile: kila kibonyezo namba inapanda mara mbili, kimoja cha kushuka, kimoja cha kuinuka.

Kwa hiyo Segera hapo. Mzigo umepakiwa Tanga, umepita Muheza, Segera haukuonekana. Chipu inabisha, bawabu hasikii.

Nikarudi kwenye dmesg, safari hii nikitafuta neno IRQ tu, ambalo ndilo jina la njia za hodi, na nikakutana na mstari ambao macho yangu yalikuwa yameupita mara tatu:

ACPI: IRQ 1 override to edge(!), high(!)

Nikaweka chini kikombe.

Ngoja nieleze hili polepole kwa sababu ndilo lenye utamu. Waya wa hodi ni waya tu, una umeme au hauna. Wenye kompyuta wanaweza kukubaliana kwamba hodi ni pale umeme unapopanda, au wakakubaliana kwamba ni pale unaposhuka. Wanaweza pia kukubaliana kwamba kinachohesabika ni ule mruko wenyewe, au kwamba hodi inaendelea muda wote waya ukiwa katika hali ile. Kwa kibodi, desturi ya tangu 1984 ni mruko wa kupanda. Laptopu mpya kadhaa zimegeuza: chipu inashusha waya, na inaushikilia chini mpaka mtu aje asome baiti. Habari hiyo mtengenezaji ameiandika kwenye majedwali ya ACPI, yaani maelezo ya vifaa vya mashine, ambayo kerneli inayasoma inapoamka.

Sasa, kerneli ya Linux imeona majedwali mengi yenye uongo. Kwa hiyo kwa njia za hodi za zamani kama namba 1 ilikuwa na kanuni: jedwali likisema kitu tofauti na desturi, fuata desturi. Ndiyo maana ya mstari ule. Mtengenezaji alisema "mimi nashusha", kerneli ikajibu "hapana, wewe unapandisha", ikatega sikio upande wa kupanda. Chipu ikashusha waya ikangoja msomaji. Kerneli ikangoja waya upande. Waya hauwezi kupanda mpaka baiti isomwe, na baiti haisomwi mpaka waya upande. Wawili wamesimama pande mbili za mlango mmoja, kila mmoja anaheshimu mila za kwao.

Kisa chenyewe kina mkia. Mwaka 2022, laptopu zenye prosesa za AMD Ryzen 6000 zilipoenea, malalamiko ya kibodi kufa yakawa mengi, na waendelezaji wakaamua kwamba kwa prosesa zote za ukoo wa Zen kanuni ya desturi isitumike, jedwali liaminiwe. Kibodi nyingi zikafufuka. Nyingine zilizokuwa zinategemea ile kanuni zikafa. Katika 6.5, mwaka 2023, uamuzi ule wa jumla ukaondolewa wakati wa majaribio, kisha ukarudishwa kabla ya kutoka, ila kwa sharti: jedwali jingine la mashine hiyo hiyo likitaja desturi waziwazi kwa njia namba 1, desturi ifuatwe. Mashine ya Mzee ilikuwa imeishi raha mustarehe chini ya ule uamuzi wa jumla, na nilipomwambia "kubali tu", alivuka mpaka bila kujua.

Kilichobaki ni orodha ya majina. Ndani ya msimbo wa kerneli, kwenye faili drivers/acpi/resource.c, kuna jedwali la mashine: mtengenezaji fulani, ubao wenye jina fulani. Ukiwa kwenye orodha, kanuni ya desturi haikuhusu. Tazama pia lilipo: kwenye ACPI. Nilikuwa nimepoteza saa nzima ndani ya drivers/input nikidhani tatizo la kibodi linakaa kwenye folda ya kibodi.

Orodha hizi zamani nilikuwa nazicheka. Hata i8042 yenyewe ina ya kwake, ndefu, ya mashine zinazohitaji nomux na nyingine zinazohitaji reset. Niliona kama harusi ambayo mlangoni amesimama mtu na karatasi anaita majina. Bado naona si jambo zuri, na atakayeniambia ni uhandisi safi sitamkubalia. Ila mbadala wake ulishajaribiwa, ule wa kutoa amri moja kwa wote, na tumeona wengine walivyobaki nje.

Jina la ubao unalipata kwa kusoma /sys/class/dmi/id/board_name, haihitaji hata sudo, yaani ruhusa ya msimamizi. La mashine ya Mzee halikuwemo kwenye 6.5. Nikapakua msimbo, nikaongeza mistari sita, yaani kuiga kundi la juu yake na kubadilisha jina, nikatumia make localmodconfig ili nisijenge draiva za vifaa ambavyo Mzee hatavimiliki maisha yake yote. Ile amri inatazama moduli, yaani vipande vya draiva, zinazotumika kwenye mashine kwa wakati huo na kuacha nyingine. Kabla ya kuiendesha chomeka kila kitu unachotumia, hata flashi. Mara yangu ya kwanza nilisahau, nikapata kerneli safi isiyojua flashi ni nini.

Kompyuta yangu ya kibandani ni mzee mwenzake. Nilianzisha baada ya magharibi, saa nne umeme ukakatika, nikalala. Alfajiri nikaendelea, make haianzi upya, inashika pale ilipoachia. Saa tatu asubuhi nikaiweka, nikaiwasha, nikabonyeza Caps Lock.

Taa ikawaka. Nikaizima. Nikaiwasha tena. Nikaita jirani anayeuza vitenge aje aone taa. Alikuja, akaona taa, akarudi dukani kwake.

Sasa cheko liko hapa. Nilipokuwa naandaa ripoti ya kuwapelekea waendelezaji, nikafungua msimbo mpya kabisa wa siku ile kuhakikisha sirudii kitu kilichokwisha kufanywa. Jina la ubao wa Mzee lilikuwemo. Mtu mwingine, mahali pengine duniani, alikuwa ameshabisha mlango huo wiki kadhaa kabla yangu, na kerneli mpya tayari ilikuwa na mstari wake. Ningeweza kupakua kerneli hiyo Jumamosi asubuhi nikamaliza kazi kabla mkate wa kumimina haujapoa. Ndiyo kusema siku hizi, kabla sijajenga chochote, nafungua resource.c mpya kwanza.

Mausi nayo ina yake, ingawa mara nyingi ni mambo mepesi. Kuna steshenari moja huku huku mtaani yenye kompyuta ya mezani ya zamani, mausi yake ni ya lile tundu la duara la kijani, la zambarau likiwa la kibodi. Dada mwenye duka akanipigia kwamba mshale unarukia pembeni na kufungua mafaili wenyewe, wateja wanaanza kuogopa. Kwenye dmesg nikakuta psmouse, draiva ya mausi, analalamika "lost synchronization", mstari juu ya mstari.

Mausi ya aina hiyo inatuma baiti tatu kwa kila mwendo. Ya kwanza ina vitufe na alama za mwelekeo, ya pili ni kwenda kulia au kushoto, ya tatu ni juu au chini. Hakuna kitu kati ya kundi na kundi, zinakuja mfululizo kama watu kwenye foleni wanaohesabiwa tatu tatu. Mmoja akichomoka, hesabu yote inahama: mwendo wa juu unasomwa kama kitufe kilichobonyezwa, na hapo ndipo mafaili yanajifungua. Kinga ya kerneli kwa mausi kama hii ni muda. Kundi likiachwa nusu kwa zaidi ya nusu sekunde, kerneli inajua imepotea njia, inatupa baiti hizo na kujaribu kuanza hesabu upya. Lakini kinga hiyo hailindi sana, maana mausi ikiwa inatembea mfululizo hakuna pengo la kuonekana.

Nikaiondoa moduli na kuirudisha, modprobe -r psmouse kisha modprobe psmouse, ikatulia dakika kumi, ikaanza tena. Kitu kinachotulia na kurudi mimi hukiangalia kwa macho kabla ya kuendelea kuandika amri. Nikapiga magoti chini ya meza. Waya wa mausi ulikuwa umebanwa na mguu wa meza ile, ganda limechanika, shaba inaonekana. Kila mteja alipoegemea meza, baiti ilikuwa inachomoka kwenye foleni. Mausi mpya, kazi ikaisha. Na tundu hilo la duara usilichomoe na kulichomeka mashine ikiwa inawaka. Halikutengenezwa kwa ajili hiyo, na nimeshaua ubao mmoja kwa njia hiyo.

Mzee nilimpigia Jumapili ile ile. Alikuja na kofia yake ya kazi, akaketi, akaandika jina lake lote mpaka la babu. Akaniuliza lilikuwa nini.

"Kibodi ilikuwa inabisha hodi, mzee. Kerneli ilikuwa imetega sikio upande mwingine."

"Nani alikuwa na kosa?"

Nikafikiri kidogo. "Mimi. Nilikwambia ukubali tu."

Akaona jibu linamtosha, akalipa, akaondoka. Jumatano akanipigia simu, sauti ya chini, nadhani hakutaka wa nyumbani wasikie.

"Mwanangu, lile jini limerudi. Tena sasa limekuwa la Kiarabu."

"Linafanyaje?"

"Kila nikiandika, linajibu kwa Kiarabu. Kutoka kulia."

"Mzee, kabla halijaanza, ulibonyeza Alt na Shift kwa pamoja?"

"Sijui. Paka alipita."

"Bonyeza Alt na Shift kwa pamoja. Halafu andika kitu."

Nikasikia kitufe kimoja, kingine, halafu kimya.

"Loo," akasema, akakata simu.